Afya Nyumbani: Chumba Kipya na Njia ya Maji Machafu
Mwenye nyumba apatapo fedha za kuongeza chumba, kwanza hufikiri habari za ukubwa wake, madirisha na mabati. Maji machafu huyakumbuka mwisho, fundi akiisha kuchimba msingi na kulikuta bomba la zamani limekatiza katikati. Ndipo hufanywa shauri la haraka: bomba hukatwa, hupindwa kando ya ukuta, na mdomo wake huachwa uelekee bondeni. Katika kisiwa cha Mfangano kosa hilo hudhuru watu wengi, kwa kuwa huko mabonde huishia ziwani, na wengi hunywa maji ya ziwa.

Kisiwa hicho, kilichomo katika Kaunti ya Homa Bay, ni mlima uliosimama majini. Mahali pengi udongo ni haba juu ya mwamba, na uchafu uliomwagwa hupita upesi katika nyufa za mawe pasipo kuchujwa. Ukifika ziwani waweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Tena umo mbegu ya kichocho cha tumbo. Mayai yake huanguliwa majini, na vijidudu vitokavyo humo huingia katika konokono na kuongezeka. Kisha hutoka na kupenya ngozi ya mvuvi, ya mama afuaye nguo, na ya mtoto aogeleaye.

Mfano ni huu. Mtu wa karibu na Sena ana choo cha kuvuta maji. Bomba lake latoka ukuta wa nyuma na kuingia katika tangi la uchafu hatua chache kutoka hapo. Ataka kuongeza vyumba viwili upande ule ule. Yampasa kufanya haya.

Kwanza, afuate njia ya bomba toka chooni hadi tangini, na kuitia vigingi kabla ya jembe kugusa ardhi. Chumba kisijengwe juu ya tangi. Siku moja tangi litajaa na litataka kufunguliwa, na uzito wa ukuta waweza kulibomoa. Kama hakuna nafasi nyingine, tangi jipya litangulie chumba.

Pili, bomba jipya lizunguke nje ya msingi mpya. Bomba la choo lenye upana wa inchi 4 lishuke inchi 3 kwa kila futi 10. Likilala zaidi, uchafu hukwama. Lisipindwe ghafula kama pembe ya meza, bali kwa vipindo viwili vya pole, na penye kona pajengwe chemba yenye mfuniko. Ikiwa hapana budi lipite chini ya ukuta, juu yake iwekwe zege yenye vyuma na kuachwa nafasi, ili nyumba ikididimia isilivunje.

Tatu, maji ya mvua kutoka paani yasiingizwe katika tangi la uchafu, maana hulijaza na kuufurisha uchafu nje. Maji ya jikoni yapitie kwanza kishimo cha kunasa mafuta.

Nne, tangi na shimo la kunywea maji viwe mbali na kisima na ufuo, si chini ya mita 30. Wala mtu asipime kwa ufuo wa leo tu. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafikia tena kimo kama kile, likaingia katika nyumba na vyoo vya watu.

Tano, bomba lizibwe mwisho na kujazwa maji kabla ya kufukiwa, ili kiungo kivujacho kionekane. Njia ya zamani isikatwe mpaka mpya iwe tayari. Na mtu yeyote asishuke katika tangi la zamani, hata likiwa kavu: hewa iliyomo huua kabla ya mtu kupiga kelele, na mara nyingi humwua pia ashukaye kumwokoa. Liondolewe uchafu kutoka juu, kisha lijazwe mawe na udongo.

Ramani ya kazi yote ipelekwe kwanza kwa maofisa wa Kaunti na kwa Afisa wa Afya. Saruji na mabomba huvuka kwa chombo kutoka Mbita. Kubomoa na kujenga tena ni kulipa nauli mara mbili.

Wako wasemao kwamba ziwa ni kubwa, litameza yote. Lakini ndoo ya maji ya kunywa haichotwi katikati ya ziwa. Huchotwa ufuoni, pale pale bomba baya linapomwaga.