Dhifa ya Askari si Maonyesho ya Mavazi

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, baadhi ya wakazi wa Nairobi hupokea kadi za kuwaalika kwenye dhifa ya dansi ya askari wa Marine wa Marekani, wale wanaolinda balozi za nchi yao. Kikosi hicho huhesabu kuzaliwa kwake kuanzia tarehe 10 Novemba, 1775, mjini Philadelphia, na tangu Jenerali John Lejeune alipotoa amri mwaka wa 1921 kwamba siku hiyo ikumbukwe kila mwaka, haipiti hivi hivi popote walipo. Basi kadi ikishafika, vurugu huanza. Nimeulizwa mara nyingi, hasa na akina dada, "Nivae nini?" Hakuna aliyepata kuniuliza, "Nikae vipi?" Na mimi naona swali hili la pili ndilo zito.

Hata hivyo, tuanze na la kwanza. Kadi kwa kawaida hutaja suti nyeusi na tai ya kipepeo kwa wanaume, gauni refu kwa wanawake, au vazi la kitaifa. Hapo kwenye vazi la kitaifa ndipo Mkenya hukwama. Mwaka wa 2004 tulizinduliwa vazi la taifa, likapigiwa makofi, kisha likasahauliwa. Lakini, ndugu msomaji, kukosa vazi moja si kukosa mavazi. Kitenge kilichoshonwa na fundi hodari, kikashuka hadi vifundoni, hakishindwi na gauni lolote la ng'ambo. Na mzee wa Mombasa aliyevaa kanzu nyeupe, koti na kofia iliyodariziwa kwa mkono, nani atathubutu kumwambia hakuvaa rasmi? Siungi mkono hata kidogo tabia ya kugusa fedha za karo ili kununua gauni la usiku mmoja. Gikomba yapo mazuri kwa ajuaye kuchagua, na fundi atalipunguza kiuno.

Nisilolikubali ni gauni linaloacha mgongo na mapaja nje. Huu si ushamba. Msichana aliyealikwa na koplo atakutana pale na wakubwa wa koplo huyo, na Jumatatu si yeye atakayetazamwa kwa jicho la pembeni, ni mwenzake. Wala mgeni asivae kofia ya askari kwa mzaha ili apigwe picha. Na nguo za madoadoa ya kijeshi ziachwe kabisa; sheria za Kenya zinawakataza raia kuzivaa.

Askari wenyewe huja na koti la buluu iliyokolea, ukosi umesimama, nishani kifuani. Tazama suruali: mwenye mstari mwekundu pembeni ni koplo au zaidi, wa chini yake hana. Husimulia kwamba mstari huo ni ukumbusho wa damu iliyomwagika Chapultepec, Mexico, mwaka wa 1847. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, lakini mezani si mahali pa kubishana.

Ukifika kwenye mstari wa kuwasalimu wenyeji, taja jina lako, toa mkono, songa mbele. Usishike glasi, na tafadhali, usianze kueleza shida yako ya viza. Bendera zikiingia, simama. Asiyekunywa pombe ainue soda bila haya. Keki hukatwa kwa upanga. Kipande cha kwanza ni cha mgeni wa heshima, kisha hupewa Marine mwenye umri mkubwa kuliko wote ukumbini, naye humpokeza aliye mdogo kuliko wote. Jambo hilo sisi hatuhitaji kufafanuliwa na Mzungu.

Kuna pia meza ndogo ya duara, imetandikwa kitambaa cheupe, na kiti ambacho hakikaliwi. Juu yake pana waridi jekundu, kipande cha limau kwa uchungu, chumvi kwa machozi, na glasi iliyofudikizwa kwa kuwa mwenyewe hawezi kunywa pamoja nasi. Ni meza ya waliouawa vitani na waliopotea. Katika dhifa moja nilimwona mgeni akitundika mkoba wake kwenye kiti hicho, halafu akaanza kujipiga picha, akiyasifu "mapambo".

Sasa, huyo alikuwa mkazi wa Nairobi. Miongoni mwa watu 213 waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini humu tarehe 7 Agosti, 1998, alikuwamo Sajini Jesse Aliganga, Marine aliyekuwa mlinzi pale. Wamarekani kwa jumla walikuwa 12. Wengi kabisa wa waliosalia walikuwa Wakenya, watu waliokwenda kazini na wapita njia, na wanafunzi wa ukarani katika jumba la Ufundi lililoporomoka. Kwa hivyo kiti kile, hasa kikiwekwa Nairobi, si cha wageni peke yao.

Mkoba niliuondoa mimi, nikampelekea mezani kwake. Hakufurahi, na hatukusemezana tena usiku ule.