Nani Aliuzwa?

Kila nikifungua simu kuna mtu analilia The Gilded Age. Eti mapenzi! Mapenzi gani hayo, jamani?

Hebu tumtazame Consuelo Vanderbilt. Novemba 1895, New York, binti wa miaka 18 anaozwa Duke wa Marlborough. Alikuwa na mtu wake, Winthrop Rutherfurd. Kwa maelezo yake mwenyewe, mamake Alva alimfungia nyumbani na kutishia kumpiga kijana wa watu risasi. Asubuhi ya harusi alilia. Siku hiyohiyo mkataba ukatiwa saini: hisa za reli za dola milioni 2.5, faida ya asilimia 4 kila mwaka ikiwa na dhamana. Duke naye akapata hela ya kukarabati kasri lake, Blenheim.

Kwani duke mzima alikosaje pesa? Hapa ndipo pananichekesha. Tangu miaka ya 1870, ngano ya bei rahisi kutoka Marekani ilikuwa imefurika Uingereza, ikibebwa na reli na meli za mvuke. Bei ikaanguka, kodi za mashamba nazo zikaanguka. Ukoo wa Marlborough ulikuwa umeshauza vito, maktaba na michoro. Ikabaki kuuza jina. Reli zilizochangia kuwafilisi ndizo zilikuja kuwaokoa.

Walitengana 1906, wakatalikiana 1921. Ndoa ilipokuwa ikibatilishwa kanisani mwaka wa 1926, Alva mwenyewe alikiri kwamba alimlazimisha bintiye.

Sasa, mwezi uliopita tulipokea mahari ya dada yangu. Rafiki yangu mmoja, sugu wa hiyo filamu ya vipindi, akaniuliza huku anacheka: "Mmemuuza ngapi?" Nilinyamaza, na bado najilaumu. Dada aliulizwa mbele ya wazee wote kama tupokee au turudishe. Consuelo aliulizwa na nani?

Sisemi kwetu ni kusafi. Kuna wajomba wanaohesabu digrii za binti kama magunia ya mahindi, na mmoja wao alikuwa palepale, kalamu mkononi. Huyo mseme mnavyotaka, hata mimi nitawasaidia. Lakini mbuzi zetu ziitwe biashara, hisa za reli ziitwe mapenzi? Zii.

Akiniuliza tena bei ya dada yangu, nitamuuliza Blenheim ilikarabatiwa na machozi ya nani.