Kenya Open: Wageni waja kila mwaka, je, mwenyeji amepona?

WAHENGA walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa zaidi ya nusu karne, Nairobi imekuwa ikiwapokea wanagofu wa kulipwa kutoka pembe zote za dunia wanaokuja kushiriki mashindano ya Kenya Open. Wageni hao hukaribishwa vyema, huchezea viwanja vya kupendeza, kisha hurejea makwao na kombe. Swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha ni iwapo mwenyeji naye amepona.

Tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka wa 1967, hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kuyashinda. Aliyekaribia mno ni Jacob Okello, ambaye mwaka wa 1998 alimaliza kwa mikwaju sawa na Ricardo Gonzalez wa Argentina. Wawili hao walirudi uwanjani kwa mchezo wa ziada wa kuamua bingwa, na Gonzalez akatawazwa. Tangu siku hiyo Wakenya wamebaki kusimulia habari za Okello, kwa kuwa hawajapata nyingine ya kuipiku.

Ni rahisi kudai kwamba Mkenya hakuumbiwa gofu. Dai hilo halina mashiko. Historia ya mashindano yenyewe inaonyesha kwamba kipaji peke yake hakijawahi kumfikisha mtu popote katika mchezo huu.

Katika miaka yake ya awali, Kenya Open ilikuwa sehemu ya msururu wa mashindano ya Afrika uliojulikana kama Safari Circuit. Wachezaji wa Uingereza na mataifa jirani walikuja kutafuta jua na riziki wakati viwanja vya kwao vimeshikwa na baridi. Mwingereza Maurice Bembridge alitwaa taji hilo mara tatu, mnamo 1968, 1969 na 1979.

Wengine walipitia Nairobi wakielekea kwenye umaarufu mkubwa zaidi. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda mwaka wa 1978 na mwaka uliofuata akawa bingwa wa British Open. Ian Woosnam wa Wales alishinda mwaka wa 1986, akaja kutwaa taji la Masters nchini Marekani mwaka wa 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka wa 2000, naye akavishwa koti la kijani la Masters miaka minane baadaye.

Kisa cha Ballesteros kinastahili kutazamwa kwa makini. Hakuzaliwa katika familia ya matajiri. Alikulia Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini mwa Uhispania, akawa mbebaji fimbo katika klabu iliyokuwa karibu na kwao, na kufanya mazoezi ufuoni kwa fimbo moja tu.

Hadi hapo, maisha yake hayatofautiani na ya mamia ya vijana wanaobeba fimbo katika viwanja vya Kenya. Tofauti ni kwamba Ballesteros alikuwa na wa kumshika mkono. Mjomba wake, Ramón Sota, alikuwa mchezaji wa kulipwa aliyewahi kushiriki Masters, na kaka zake pia walikuwa wanagofu. Aliijua njia kabla hajaianza safari.

Vilabu vikongwe vya Nairobi, kama vile Royal Nairobi kilichoanzishwa mwaka wa 1906 na Karen kilichoanzishwa mwaka wa 1937, vilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya walowezi na maafisa wa serikali. Mwafrika aliingia humo kufanya kazi: kufyeka nyasi, kupika na kubeba fimbo za wengine.

Ajabu ni kwamba mlango huohuo wa kazi ndio uliozaa wengi wa wanagofu wa kulipwa nchini. Makedi, kama wanavyojulikana, walijifunza kwa kutazama, wakajaribu kwa fimbo za kuazima siku ambazo wanachama ni wachache uwanjani, hadi wakawashinda mabwana waliokuwa wakiwabebea mizigo. Huo ni ushahidi wa kipaji na wa subira isiyo ya kawaida. Ni ushahidi vilevile kwamba taifa limeiachia bahati kazi ambayo ingefanywa na mipango.

Mambo yamezidi kuwa magumu kadiri mashindano yalivyopanda hadhi. Mwaka wa 1991, Kenya Open iliingizwa kwenye Challenge Tour, msururu wa daraja la pili barani Ulaya. Mwaka wa 2019 ilipandishwa hadi European Tour, daraja la juu kabisa, ambalo leo linaitwa DP World Tour.

Fedha nazo zilipanda. Mwaka wa 2018 zawadi kwa jumla zilikuwa Euro 500,000. Mwaka uliofuata, Guido Migliozzi wa Italia aliposhinda katika uwanja wa Karen, zilikuwa zimefika Euro milioni 1.1. Kufikia 2025, wakati Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini alipotawazwa huko Muthaiga, zilikuwa zimegonga Dola milioni 2.5.

Hiyo ni heshima kubwa kwa nchi, lakini fedha hizo haziwafikii wote wanaoshiriki. Wachezaji hucheza raundi mbili, Alhamisi na Ijumaa, kisha hufanyiwa mchujo. Takriban 65 bora na wale waliofungana nao ndio huendelea hadi Jumapili na kugawana zawadi. Anayebanduliwa Ijumaa jioni huenda nyumbani mikono mitupu, na Wakenya wanaouvuka mchujo huo wamekuwa wachache mno.

Maana yake ni kwamba kila zawadi inapoongezwa, wanaovutiwa kuja huwa wachezaji hodari zaidi, na mchujo huwa mkali zaidi kwa mwenyeji anayecheza katika kiwango hicho mara moja tu kwa mwaka.

Wapo wanaosema kwamba Mkenya ana faida ya kuufahamu uwanja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi na mpira husafiri mbali kuliko kawaida. Mgeni asiyezoea hulazimika kupiga hesabu upya kabla ya kuchagua fimbo. Lakini wageni hawa wana siku za mazoezi na makedi weledi, na inapofika Alhamisi asubuhi wengi wao huwa wameshayajua yanayohitajika. Faida ya mwenyeji huisha kabla mashindano hayajaanza.

Jibu la kitendawili hiki haliko mbali. Ukiyapitia majina ya washindi wa miaka ya karibuni, utakuta Waafrika Kusini wamejazana: Jake Roos 2014, Haydn Porteous 2015, Justin Harding 2021 na Kruyswijk 2025. Mnamo Machi 2021, siku chache baada ya Harding kushinda, Karen iliandaa mashindano mengine, Kenya Savannah Classic. Hayo nayo yalishindwa na Mwafrika Kusini, Daniel van Tonder.

Vijana hao hawakuanguka kutoka mawinguni. Wana Sunshine Tour, msururu wa mashindano ya kulipwa nchini mwao ambamo hucheza wiki baada ya wiki. Humo hujifunza kupoteza, kusafiri kwa bajeti finyu, na kulala Ijumaa wakijua kwamba kesho kuna raundi nyingine. Wanapotua Nairobi, hofu ya mchujo huwa imewatoka zamani.

Kenya inaujua ukweli huo katika riadha. Mwanariadha wa Iten hangoji mbio za Olimpiki ndipo ajipime. Ana kambi, ana wenzake wanaomshinda mazoezini na ana mbio za kila aina za kushiriki. Hakuna anayetarajia bingwa wa mita 10,000 atokee katika kijiji ambacho hukimbia mara moja kwa mwaka. Katika gofu, hilo ndilo limekuwa likitarajiwa.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Mashindano haya hubeba nembo ya utalii ya Magical Kenya, na picha za televisheni huitangaza nchi kwa watu ambao huenda wakaja kutalii. Aidha, kuwa mwenyeji si lazima kuwe kushinda. Uingereza ilisubiri miaka 77, tangu Fred Perry mnamo 1936 hadi Andy Murray mnamo 2013, ndipo raia wake akatwaa tena taji la wanaume la tenisi la Wimbledon. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyependekeza mashindano hayo yafutwe.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila ina nusu ya pili. Ziada ya fedha zinazopatikana Wimbledon huelekezwa katika kukuza tenisi nchini Uingereza. Mgeni anapokuja huko, mwenyeji hubaki na kitu hata asiposhinda. Kwa hivyo, Kenya haipaswi kujiuliza tu kwa nini haijashinda. Inapaswa kujiuliza ni kitu gani hubaki wakati mahema ya Muthaiga au Karen yanapong'olewa Jumatatu asubuhi.

Hatua ya kutia moyo ilipigwa mwaka wa 2024 kwa kuanzishwa kwa Sunshine Development Tour kanda ya Afrika Mashariki, msururu unaowakutanisha wachezaji wa kulipwa wa ukanda huu na kuwapa baadhi yao nafasi ya kufuzu kwa Kenya Open. Katika msururu huo, njia ya kuelekea mashindano hayo ni ya kupimwa kwa alama, wala si kwa mwaliko na huruma.

Hata hivyo, msururu huo hautafaa kitu iwapo utafadhiliwa misimu miwili kisha utelekezwe, kama ilivyokuwa desturi ya miradi mingi ya michezo nchini. Mtoto wa kedi anayeanza leo atahitaji miaka kumi au zaidi ya fimbo, nauli, wakufunzi na mashindano ya kila mara. Wadhamini na serikali wanaopata mamilioni kwa wiki moja ya wageni hawawezi kudai kwamba wamekosa sehemu ndogo ya fedha hizo kwa wiki nyingine 51 za mwenyeji.

Kipimo cha mafanikio hakihitaji hotuba wala ripoti ndefu. Kila mwaka, Ijumaa jioni baada ya mchujo, mtu atazame ubao wa matokeo na kuhesabu majina ya Wakenya yaliyosalia. Hesabu hiyo ikianza kupanda mwaka hadi mwaka, kombe halitakuwa mbali. Isipopanda, Wakenya wataendelea kuwabebea wageni fimbo, na kuwapigia makofi Jumapili.