Ziwa nalo liko juu: isome vizuri namba ya damu ya mwanao

Ikitajwa hewa nyembamba wengi wetu tunawaza wapandao Kilimanjaro, kwenye mita 5,895. Mkazi wa Bumbire, wilayani Muleba, akianika dagaa ufukweni hadhani kwamba naye yuko juu. Lakini Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 kutoka usawa wa bahari. Pumzi moja anayovuta mtoto wa Bumbire au Bukoba ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya mtoto wa Dar es Salaam.

Mwili unalijua hilo. Mtu akipanda juu, kwanza hupumua haraka na moyo huongeza mapigo. Kisha figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi, maana hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kwa aliyezaliwa kando ya ziwa mabadiliko ni madogo wala hayasikii, lakini damu yake inatakiwa kuwa nyingi kidogo kuliko ya mtu wa pwani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Namba ileile ya wingi wa damu haina maana ileile kila mahali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linashauri kwamba kwa wanaoishi kati ya mita 1,000 na 1,499, tupunguze gramu 0.8 kwenye kipimo kabla ya kukisoma. Mtoto wa miaka mitatu mwenye gramu 11.3 kwa desilita anaonekana salama, kwa kuwa mpaka wa umri wake ni 11. Ukipunguza 0.8 unabaki na 10.5. Mtoto huyo ana upungufu wa damu.

Kwa maoni yangu, kila zahanati ya Kagera ingebandika hesabu hii ukutani, karibu na kipimo. Haina gharama. Na wewe mzazi usiridhike kuambiwa tu "damu iko sawa." Uliza ni ngapi, iandikwe kwenye kadi, kisha uliza kama mwinuko wa mahali mnapoishi umehesabiwa.

Nasisitiza hivi kwa sababu ziwani damu ina maadui wengi. Malaria huvunja chembe nyekundu. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kuoga na kuchota maji ziwani, hutoboa utumbo ukavuja damu. Minyoo ya safura hunyonya. Uboho hauwezi kufidia bila madini ya chuma, sawa na fundi aliyeitwa kujenga bila matofali. Mtoto wa namna hii hachangamki, hukua polepole na darasani husinzia, nasi tunamwita mvivu.

Nini kifanyike? Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na apate dawa za minyoo na kichocho zinapotolewa. Mpe dagaa, maini na maharage pamoja na papai au chungwa, vinavyosaidia mwili kufyonza chuma. Chai isiende pamoja na chakula. Dawa za chuma zitolewe kwa kipimo na ushauri wa mhudumu, na zifichwe mbali na watoto, kwani zikizidi ni sumu.

Viganja vikipauka, mtoto akipumua kwa haraka akiwa ametulia, au akishindwa kunyonya, hiyo ni dharura. Kisiwani safari ni ya mtumbwi na upepo hauna ratiba. Ondokeni mapema, asubuhi ya dalili za kwanza, msingoje hadi alegee.

Mwinuko wa ziwa hatuwezi kuubadili. Kuuhesabu tunaweza, kuanzia kliniki ijayo.