Sinema za Nchi Zisiachwe Kuoza

Mwaka 1967 kampuni ya Hammer ya Uingereza ilitoa sinema ya kutisha iitwayo Quatermass and the Pit. Vibarua wanaochimba reli ya chini ya ardhi mjini London wanakuta mafuvu ya kale, kisha chombo ambacho wanajeshi wanadhani ni bomu la Wajerumani, kumbe kimetoka sayari ya Mirihi. Ni hadithi ya kubuni tupu. Hata hivyo sinema hiyo imekwisha tolewa upya zaidi ya mara moja katika diski za video, pamoja na mazungumzo ya waliohusika nayo, kwa ajili ya watu wanaokusanya vitu vya namna hiyo.

Mwananchi wa Bukene, wilayani Nzega, ana haki ya kuuliza jambo hilo lamhusu nini. Lamhusu sana. Waingereza hawakuzaliwa na busara ya kutunza. Walifundishwa na hasara. Hadithi ya kwanza ya huyo Profesa Quatermass ilirushwa na televisheni ya BBC mwaka 1953 katika sehemu 6, waigizaji wakiigiza papo hapo. Leo zimebaki sehemu 2 za mwanzo tu. Hizo 4 hazionekani tena, hata kwa tajiri mwenye fedha za kununua London nzima.

Sasa na itazamwe hali ya Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha majaribio ya sinema za kuwafundisha Waafrika: habari za safura, mifugo, kilimo na kuweka akiba posta. Zilitengenezwa sinema fupi 35, Waafrika wakiwa waigizaji. Zinazojulikana kubaki ni 3, nazo zimo katika hifadhi ya sinema ya Uingereza. Ni kweli kwamba zilitengenezwa kwa jicho la mkoloni, lililomwona Mwafrika kama mtoto wa kuongozwa. Lakini nyuso zilizomo ni za watu wa nchi hii, na mwalimu wa historia hawezi kulikosoa jicho hilo mbele ya wanafunzi wake bila kuwaonyesha lilichokiona.

Lipo jambo lililo karibu zaidi na Bukene. Marehemu Rashidi Kawawa, aliyesoma katika shule ya serikali ya Tabora, alikuwa mwigizaji wa sinema kabla hajawa kiongozi wa wafanyakazi na baadaye Waziri Mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili. Ni walimu wangapi wa mkoa wa Tabora wamepata kuiona? Kijana anayelipa kiingilio katika kibanda cha video humwona mpiganaji wa Hong Kong na jambazi wa Marekani, naye mtafsiri humpasulia maneno yote kwa Kiswahili. Kawawa kijana, akiigiza kwa lugha isiyohitaji mtafsiri, hajapata kuwekwa mbele yake. Hilo si kosa la mwenye kibanda. Yeye huonyesha anachokipata sokoni.

Wapo watakaosema kwamba madawati na dawa za zahanati vitangulie. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna mtu wa Bukene atakayeibeza. Lakini dawati lililovunjika hutengenezwa jingine. Ukanda wa sinema ukiwekwa katika chumba chenye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki, hunywea, hujikunja, na picha hupotea. Na sinema zilizopigwa nchini baada ya Uhuru, ikiwa ni pamoja na Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, nazo zinazidi kuzeeka kila mwaka. Kungoja fedha zitoshe kwa kila jambo ni kuamua kwamba zipotee.

Kazi ya kwanza haidai fedha nyingi. Bodi ya Filamu na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zikae pamoja ziandike orodha: sinema gani ilipigwa Tanganyika, Zanzibar na Tanzania, ukanda wake uko kwa nani, nao una hali gani. Zilizoko London ziombwe nakala. Kisha nakala hizo zipelekwe shuleni zikiwa na maelezo ya Kiswahili, na Bukene isiwe ya mwisho kupelekewa.