LIVU YETU IMEKATWA, TUNAUZIWA VIPANDE

Ndugu Memba wa Chama,

Nimeomba nafasi katika gazeti letu niseme neno ambalo wengine wenu hamtalipenda, na wawili wamekwisha kunionya nisiliandike. Mimi si karani wala si mtu wa siasa. Mimi ni mtu wa genge, kazi yangu ni mataruma na kokoto, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi. Nikikosea maneno mnisamehe. Nikikosea hesabu mnisahihishe mbele ya watu, kwa maana mambo yenyewe ni hesabu.

Neno langu ni juu ya desturi hii mpya ya kukodi majumba makubwa ya mashambani, yale wanayoyaita vila, yenye kuta za kioo na bwawa la kuogelea, kwa usiku mbili au tatu, ndipo tuseme tumeenda livu. Zamani mambo haya yalikuwa ya matajiri wa Nairobi na wageni wa Ulaya. Sasa yameingia katika magenge na karakana. Kila mwisho wa mwezi utasikia watu wanachanga, wanaulizana, “Wewe umetuma?” Tena si mchango wa mazishi wala wa karo ya shule. Ni wa jumba.

Msidhani nasema kwa kusikia. Nilichanga, nikaenda. Desemba iliyopita tulikuwa watu 16, tukakodi jumba upande wa ziwa la Naivasha. Hesabu niliitunza mimi, kwa sababu wenzangu waliniamini, na hii hapa. Jumba shilingi 42,000 kwa usiku mmoja, usiku mbili ni 84,000. Chakula na vinywaji 26,000. Gari la kutupeleka na kuturudisha 18,000. Jumla ni 128,000, kila mtu 8,000. Juu ya hayo mwenye jumba alidai amana ya shilingi 20,000, kwamba kitu kikivunjika atajilipa. Mwenzetu mmoja aliegemea mlango wa kioo, ukapata ufa mrefu kama kidole. Amana yote ikaenda, kila mtu 1,250 tena. Basi usiku mbili zilinigharimu shilingi 9,250, na mimi sikuvunja hata gilasi.

Sasa yuko atakayesema, “Huyu ana wivu, au ni mtu wa dini anayechukia raha.” Hapana, bwana. Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi. Maji ya moto yalitoka ukutani bila kuni wala sufuria. Nililala katika kitanda ambacho ningeweza kulala mimi na watoto wangu wote, na bado nafasi ikabaki kwa nyanya yao. Asubuhi niliona viboko majini na ukungu juu ya ziwa, nikasema moyoni, kumbe watu huamka hivi. Mtu anayeinua taruma mwaka mzima anastahili jumba lile kuliko yule mwenye kulijenga kwa pesa za kodi. Ugomvi wangu si na kitanda.

Ugomvi wangu ulianza usiku wa pili. Wengine walikuwa wanapiga muziki, nikatoka nje kupumua. Nikasikia honi ya gari la mizigo kwa mbali, upande wa mjini. Mara hiyo, bila kutaka, nikaanza kuhesabu nani yuko zamu na ni lini zamu yangu. Ilikuwa kesho yake jioni. Nikajua sijapumzika hata kidogo. Nimehamisha uchovu wangu tu, nimeuleta kando ya maji.

Langoni nikamkuta mzee mtunza nyumba ameketi juu ya ndoo. Nikamsalimu, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, akauliza kama maji ya moto yanatosha. Nikamwuliza yeye hulala wapi. Akanionyesha chumba cha mabati ubavuni mwa lango, kidogo kuliko choo kimoja cha ndani, na ndani kulikuwa na vyoo vitano. Yeye ndiye anayefagia bwawa, anayewasha jiko, anayefua shuka, anayelinda usiku. Nikamwuliza, “Mzee, na wewe huenda livu lini?” Akacheka. Akasema, “Kijana wangu, wageni wakikosa ndiyo livu. Na siku hizo mshahara nao unakosa.”

Wenzangu, nilirudi ndani nikiwa na haya. Tulikuwa wafanya kazi 16, kila mmoja na kadi ya Chama mfukoni, tumelipa shilingi 84,000 kwa mtu ambaye hatukumwona uso, ili tuhudumiwe na mzee asiyejua siku ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inasema kila mfanya kazi apate siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sheria hiyo sisi tunaiimba kila mkutano. Lakini tulipokuwa sisi ndio mabwana wa nyumba, hata mmoja hakuiuliza. Tulimpigia kelele alete makaa.

Na mahali penyewe ni pa kukumbuka. Nchi ile ilikuwa malisho ya Wamasai mpaka walipohamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904, wazungu wapewe mashamba kandokando ya reli. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya serikali ya kikoloni iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Baba zetu walijua veranda za majumba yale kwa kuzifagia. Leo tunaketi juu ya veranda mpya kwa usiku mbili, tunapigwa picha, tunarudi. Mfagiaji ni yule yule, ila sasa anafagia nyuma yetu. Haya ndiyo maendeleo?

Tena kuna jambo la kuchekesha. Katika watu wale 16, nijuavyo, wote tumezaliwa mashambani. Kila mmoja ana kwao, ana ng'ombe wa baba yake au jirani wa baba yake. Lakini tulilipa pesa nyingi kutazama shamba la mtu mwingine kupitia kioo, na tukamsifu ng'ombe wake. Nilipofika nyumbani mama watoto hakugombana. Aliniuliza tu, “Ulienda kupumzika kutoka kwetu?” Sikuwa na jibu. Mama yangu mzazi alikuwa hajaniona tangu Pasaka.

Lakini nisiwalaumu wenzangu zaidi ya haki, kwa maana kosa halikuanzia kwao. Mtu mwenye akili timamu anakubali vipi kulipa 9,250 kwa usiku mbili? Anakubali kwa sababu usiku mbili ndizo alizo nazo. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kifungu cha 28 cha sheria ile ile kinasema mtu akimaliza miezi 12 ya kazi mfululizo apewe livu isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Na kama livu inagawanywa, kusiwe kumegamega ovyo. Isipokuwa makubaliano yamesema vingine, kipande kimoja lazima kiwe majuma mawili ya kazi bila kukatwa. Sasa toeni kadi zenu muangalie. Yangu ninayo hapa. Sisi wa genge letu tumeajiriwa na mkandarasi, jina lake silitaji, maana wengi ni wa namna moja. Katika mwaka uliopita nilipewa siku tatu mwezi wa tatu, siku mbili mwezi wa sita, siku nne mwezi wa nane. Hizo ni tisa. Kumi na mbili ziko wapi? Kila nikiomba naambiwa, “Watu ni wachache, njoo mwezi ujao.” Watu ni wachache kwa sababu waliotoka hawakujazwa, na waliobaki wanafanya kazi ya waliotoka. Farao aliwanyima Waisraeli nyasi akadai matofali yale yale. Sisi tunanyimwa mikono na reli inadaiwa ile ile.

Mtu mwenye siku mbili hawezi kwenda kwao Busia au Taita akarudi. Akifika ni kusalimu na kuaga. Kwa hiyo anatafuta raha ya karibu, raha ya haraka, na raha ya haraka siku zote ni ghali. Wenye majumba wanalijua hili kuliko sisi. Wamejenga biashara yao juu ya livu iliyokatwa vipande. Mwajiri anakula siku 12, mwenye jumba anakula pesa ya zile zilizobaki, na kati yao hakuna ugomvi. Naongeza wa tatu, yule anayetoa mkopo katika simu. Katika wale 16 najua wanne waliokopa ili waende, na mmoja alikuwa bado analipa Machi, tena alikuwa anaomba ovataimu ili alipe. Yaani alifanya kazi siku zake za kupumzika ili kulipia mapumziko! Nilimwambia hivyo, akakasirika, hatujazungumza vizuri mpaka leo.

Wanaosema haya ndiyo mambo ya dunia ya kisasa, nitawapa mfano wa nchi yenye dunia ya kisasa kutuzidi. Ufaransa, mwaka 1936, wafanya kazi waligoma mwezi wa tano na wa sita, wakakaa ndani ya viwanda vyao wasitoke. Katika mambo waliyopata mmojawapo ni sheria ya Juni 1936, livu ya siku 15 kwa mshahara, nchi nzima. Na hawakuishia hapo. Alikuwako waziri mdogo, Léo Lagrange, aliyeshughulikia michezo na mapumziko. Akapatana na kampuni za reli, na Agosti mwaka ule ule ikatolewa tikiti ya livu ya wafanya kazi, nauli imepunguzwa asilimia 40. Mamia ya maelfu ya watu walipanda gari la moshi na watoto wao na vikapu vyao, na wengi waliona bahari mara ya kwanza. Walilala katika mahema na kwa jamaa zao. Walipata siku kwanza, wakapata nauli, na nyumba za kulala zikafuata baadaye. Sisi tumeanza na nyumba, siku hatuna.

Nauli sisi watu wa reli ndio wa kwanza kuijua. Reli mpya ya Mombasa ilifunguliwa mwaka 2017, na Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi mpaka Mombasa ilipandishwa toka shilingi 1,000 hadi 1,500. Hata kwa nauli hiyo iliyopanda, mume na mke na mtoto mkubwa mmoja wangekwenda Mombasa na kurudi kwa 9,000. Nami nilitumia 9,250 peke yangu, Naivasha, mahali ambapo nimepiga nyundo mara nyingi bila kulipa kitu. Je, kama Chama kingedai mfanya kazi mwenye barua ya livu apunguziwe nauli, yeye na jamaa yake, jambo hili lingeshinda wakubwa? Sisi ndio tunaoshika njia isipinde.

Memba mmoja aliniambia, “Pesa ni yangu, niachie.” Namwachia. Sitaki azimio la kukataza mtu kukodi nyumba. Chama si mchungaji wa kanisa. Lakini nataka mambo haya yaingie katika mkutano wa tawi kabla hatujaanza tena kuchangia Desemba. Katibu apokee kadi ya livu ya kila Memba, ahesabu siku tunazodai, aandike jumla yake kwa barua moja, si kila mtu na ombi lake la kunyenyekea dirishani. Livu itolewe kwa zamu inayojulikana tangu Januari, na wenye watoto wa shule wapate zamu zao shule zikiwa zimefungwa. Na yule mzee wa langoni asisahauliwe. Wafanya kazi wa majumbani na mahoteli wana chama chao, KUDHEIHA, nasi tunaweza kuwapelekea habari za majumba tunayoyajua, maana sisi tumeingia ndani yake.

Mzee nilimwachia shilingi 200, akanishukuru kupita kiasi. Namba yake ya simu ninayo. Wiki iliyopita nilimpigia kumwuliza hali, akaniambia wageni wamejaa mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba ule mlango wa kioo haujatengenezwa bado, umebandikwa karatasi ya gundi, na kila kundi linalokuja linaambiwa limeuvunja lenyewe.

Nitakuja mkutanoni na kadi yangu ya livu na ile karatasi ya hesabu. Wale 15 wengine tuliokwenda pamoja, njooni na zenu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Genge