Ukuta Haujui Chama

Wananchi wenzetu wa Kitale na Bungoma, harakati iliyoiondoa sehemu ya 2A katika Katiba mnamo Desemba 1991 haikuwa ya kutafuta masanduku ya kura peke yake. Ilikuwa pia harakati ya kumwuliza mwenye mhuri: kwa nini umeruhusu hili na kukataza lile? Leo twaliuliza swali hilo juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani usimamizi wa kanuni za ujenzi katika miji yetu.

Tukumbuke yaliyopita. Mei 1990, vibanda vya Muoroto jijini Nairobi vilibomolewa na wakazi wake wakatawanywa. Jiji halikuwa na diwani hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi, kwani tangu 1983 lilikuwa chini ya Tume iliyoteuliwa na Serikali. Maskini aliyebomolewa hakuwa na mlango wa kubisha. Katika miji mingine mabaraza yalikuwepo, lakini chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa hata sheria ndogo zao zilihitaji idhini ya Waziri. Diwani alichaguliwa nyumbani, ila kauli ya mwisho ilitoka Nairobi.

Kanuni zenyewe ziliandikwa kwa macho ya kigeni. Zile za 1968 zilifuata mno desturi za Uingereza, hata nyumba ambayo mtu wa kipato kidogo aliweza kuijenga ikahesabiwa kuwa kosa. Mwaka 1995 zilirekebishwa ili kukubali vifaa vya bei nafuu. Na Kitale imewahi kutuonyesha njia iliyo bora: kuanzia 2001, Baraza la Manispaa na shirika la ITDG waliketi pamoja na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa kupanga maendeleo ya mitaa hiyo. Aliyezoea kupokea amri ya kuhama aliulizwa maoni yake. Hiyo ndiyo maana ya demokrasia mtaani.

Tangu 2013 hatuna tena kisingizio cha Waziri aliye mbali. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya mipango na makazi. Basi Trans Nzoia na Bungoma zinajibu zenyewe. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila mjenzi apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza, na asiyekipata aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa.

Lakini ndani ya sheria hiyo mna kipengele ambacho kila mwananchi apaswa kukijua. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Nia ni njema: kumkinga raia dhidi ya ofisa anayekalia faili akingoja chochote. Hata hivyo, upanga huo una makali pande mbili. Ofisa aliyeombwa afumbe macho hahitaji kutia sahihi yake popote. Anyamaze tu, na jengo la ghorofa litasimama kwa baraka za ukimya wake. Jengo likianguka, nani ataulizwa ikiwa hakuna aliyeandika neno?

Gharama ya ukimya twaijua. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la orofa 6 lilianguka huko Huruma, Nairobi, kando ya mto, na takriban watu 50 wakafa. Lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, na wapangaji wakaendelea kulipa kodi ndani yake. Serikali iliyokuwa na nguvu za kuvunja vibanda vya Muoroto, mkono wake ulikuwa wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pengine hutapata nafasi ya kuujenga.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, orodha ya maombi yote ya ujenzi, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na yaliyonyamaziwa, ibandikwe hadharani kila mwezi. Pili, mkaguzi aandike jina lake na tarehe katika kila hatua: msingi, nguzo, sakafu, paa. Tatu, kamati ya kaunti inayosikiliza rufani za mipango itangaze vikao vyake, ili mama wa kibanda ajue kwamba ana siku 14 za kukata rufani sawa na mwenye hoteli. Nne, pasibomolewe makao ya mtu kabla ya kupewa ilani ya maandishi na nafasi ya kusikizwa.

Hatutakiwi kungoja hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Andika barua. Taja ploti, omba kuona kibali na ripoti za ukaguzi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, awe wa chama chochote kile, mwulize ameisoma orodha hiyo mara ngapi. Zege haliulizi aliyelala chini yake alipigia nani kura.